Maji ya Asumini

Sogea hapa kivulini, wewe uliye makamo yangu, nikueleze jambo ambalo kwa miaka mingi nimelieleza vibaya. Sina haraka, na wewe usiwe nayo. Pale ambapo mambo ya kwetu ni mageni kwako nitasimama nikufafanulie, maana hata mimi niliyekuwepo, tena kiti cha mbele, sikuyaelewa mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Juzi nilipita Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, baada ya alasiri. Kwenye baraza ya nyumba moja mama mmoja alikuwa amekaa na sinia la asumini, amelifunika kwa kitambaa cha bafta kilicholowa. Alikifunua kidogo ili anyunyize maji, na harufu ikatoka ikanikuta hapo nilipo. Wenzangu wengi harufu ile huwapeleka harusini. Mimi hunipeleka kwenye vumbi jekundu katikati ya nyika, nikiwa mtoto, nimelipa gari mgongo. Uso wangu huwaka. Yule mama akaniuliza, "Nikufungie kikuba, mwanangu?" Nikamjibu, "La, ahsante," nikaondoka upesi kama niliyefumaniwa.

Marehemu babangu alikuwa dereva wa gari la vifurushi. Kampuni yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye mizani na kaunta, upande wa Mwembe Tayari, na njia ya Baba ilikuwa ile ndefu kuliko zote: atoke kisiwani, apite Mariakani na Maungu, ashushe mizigo Voi, kisha akate kushoto kwenda Mwatate na kuendelea mpaka Taveta, mpakani kabisa. Siku zile kipande cha mwisho, baada ya Mwatate, hakikuwa na lami. Ilikuwa ardhi nyekundu tupu, na gari lilirudi nyumbani limevaa rangi ya matofali.

Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye haya kupita kiasi. Akitaka kupiga chafya aliondoka chumbani. Mama akimtania kwa hilo, alikuwa akicheka kwa pua tu, kichwa amekiinamisha. Sisi watoto tulimpenda kama mtu anavyoupenda msikiti: kwa sauti ya chini.

Mama kazi yake ilikuwa asumini. Nikueleze kidogo hapa, kwa sababu hadithi yote imesimama juu ya hili. Ua la asumini huchunwa likiwa tumba, bado limefumba. Tumba la leo hufunguka leo jioni, na likishafunguka huna nalo zaidi ya usiku mmoja. Mama aliyachuma matumba, akayatunga kwa uzi, na mengine akayafunga pamoja na mimea mingine ya kunukia, rihani na mkadi, yakawa vikuba, vile vishada vidogo ambavyo wanawake hubana kifuani au nyweleni. Bibi harusi ndiye hasa mwenye asumini. Siku ya kupambwa hukalishwa mbele ya wanawake, macho ameyafumba, na asumini humshukia kuanzia utosini. Kama tumba halikupata maji kabla ya kufunguka, huwa la hudhurungi na hubaki limefumba hivyo hivyo mpaka likauke. Halina dawa.

Basi kulikuwa na bibi mmoja Taveta, tumwite Bi Rukia. Alizaliwa Kuze, humu Mji wa Kale, akaolewa huko mbali akiwa msichana, na sasa mjukuu wake alikuwa aolewe. Akampigia Mama simu. Nilisikia sauti yake ikitoka kwenye simu mpaka jikoni: "Huku kuna maua, lakini si yetu. Nataka mjukuu wangu anuke kwetu. Usiku mmoja tu."

Mama akamtazama Baba. Baba akasema, "Nitayafikisha kabla ya alasiri, inshallah."

Lilikuwa neno fupi, na Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Mama akakubali. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo akaniteua mimi kuwa mlinzi. Alfajiri ya safari alichuma na kutunga, mimi nikimshikia uzi. Akayalaza matumba kwenye majani ya mgomba ndani ya pakacha, akayafunika bafta, akanipa kijidumu cha maji cha rangi ya manjano. "Kila kitambaa kikianza kukauka, kinyunyize. Usimwage, unyunyize. Haya maji ni ya asumini, si ya kuchezea. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya ni maji ya n'ni?"

"Ya asumini."

Nilipanda gari nikiwa nimekipakata kijidumu mapajani kama mtoto mchanga.

Sikuwahi kutoka kisiwani kwenda mbali zaidi ya Mazeras. Tulipovuka Makupa na kuacha Changamwe nyuma, nilipiga magoti kitini ili nione vizuri. Baba hakunikataza. Minazi ilikuwa mingi, kisha ikapungua, kisha ukabaki mnazi mmoja mmoja kama watu waliochelewa kurudi nyumbani. Baada ya Mariakani ikaanza nyika ya miiba, ya rangi ya majivu, na mbingu ikawa kubwa. Mtoto wa vichochoro huijua mbingu kama utepe kati ya paa na paa. Pale niliiona yote kwa mara moja, na nikashika dashibodi kwa kuhisi huenda nikaanguka juu.

Ndipo Baba aliposimamisha gari kwa mara ya kwanza, mahali pasipokuwa na kitu.

"Shuka, mamangu. Wakiona kile kilima?"

"Kidogo tu, Baba."

"Nenda pale mbele ukitazame vizuri. Nataka uniambie chafanana na n'ni. Lipe gari mgongo, na usigeuke mpaka nikwite."

Nilishuka, nikasimama kwenye changarawe nikalipa gari mgongo. Kilima kilikuwa cha buluu, chembamba huku, kinene kule. Nikasikia mlango wa Baba ukifunguka, nikasikia viatu vyake vikienda upande wa pili, kisha kimya na wadudu. Alipoita, niligeuka na kumkuta yuatoka kwenye vichaka, kijidumu cha manjano mkononi. Aliiweka vizuri kanzu yake, akapanda.

"Chafanana na n'ni?"

"Ngamia aliyelala."

"Maashallah," akasema, na uso wake ulikuwa umetulia. "Kweli, ngamia."

Nilifurahi kiasi kwamba sikuona ajabu ya lile dumu. Baba yangu, mtu mkimya kuliko wote mtaani, alikuwa mpenda milima. Nani angejua?

Akasimama tena. Na tena. Kila mara alinipa kitu cha kutazama: jiwe lililokaa juu ya jiwe, mti uliopinda, wingu, reli ya zamani ilivyopotea mbele. Kila mara alikuwa na swali, na kila mara aliniambia nisigeuke mpaka aniite. Nikiri kwamba sijawahi kuiona nchi kama nilivyoiona siku ile. Nilimwambia kwamba mlima wa Maungu ni bibi kizee aliyejifunika buibui amekaa barazani, na Baba akauliza, "Barazani kwa nani?" Nikasema, "Kwake, angoja watu wampe salamu." Tulipoanza kuondoka aliupungia mkono. "Sabalkheri, Bi Mkubwa," akasema, na mimi nikacheka mpaka nikapaliwa. Hakuwahi kunichekesha kabla ya hapo.

Kila alipokwenda vichakani alikwenda na dumu. Mwanzo nilidhani anatia udhu. Lakini saa ya swala ilikuwa bado. Nikafikiri, nikafikiri, na akili yangu ndogo ikapata jibu lililonipendeza: Baba anamwagilia miti. Tazama ilivyokauka, miti ya watu. Anaihurumia. Madereva wengine hupita tu, yeye huteremka akaipa maji. Nikamheshimu zaidi. Niliona kwamba huenda ndiyo kazi yenyewe, kwamba mtu wa vifurushi hufikisha mizigo na njiani huhakikisha milima ipo na miti haijafa.

Kulikuwa na jambo moja tu lililonikasirisha. Tulipokaribia Voi tukawaona ndovu. Walikuwa hatua chache kutoka barabarani, wakubwa, wekundu kwa udongo wa kule, na mmoja alikuwa na mtoto aliyemng'ang'ania mkia. Nikapiga kelele, "Baba, simama! Simama tuwatazame!"

Baba hakusimama. Alikuwa ameinamia usukani, jasho likimtiririka shavuni, meno ameyauma.

"Ulisimamia jiwe!" nikamwambia. "Jiwe, Baba! Na ndovu wawapita!"

"Tutawaona siku nyingine."

"Lakini hawa ndio wapo leo!"

Aliendesha kwa kasi ambayo sikuizoea mpaka tukafika Voi, akaliacha gari mlango wazi na kukimbilia nyuma ya ofisi ya kampuni. Kwenye kaunta alikuwepo Mwakio, Mtaita mnene mcheshi aliyepokea mizigo pale.

"Haya, dada mdogo," akaniambia, "babako akimbizwa na nani?"

"Amewakimbia ndovu," nikasema kwa hasira.

Mwakio akacheka mpaka akashika kaunta. "Dereva wa miaka yote hii! Na mbona mmechelewa hivi? Mlikuja mkilisukuma gari?"

Baba aliporudi alimwomba maji, akanywa glasi moja, akaongeza nyingine, na nyingine. Kisha akajaza dumu letu bombani. Nikakumbuka kazi yangu. Nilipofunua pakacha, bafta ilikuwa imekauka imekunjamana kama karatasi. Nilikuwa nimeisahau kwa ajili ya milima. Nikanyunyiza upesi upesi, na matumba ya pembeni nikayaona yameanza kuwa na ncha za hudhurungi. Sikusema. Nilirudisha kitambaa nikakipapasa juu, kama kwamba kupapasa kungeyafanya yalale tu.

Kutoka Mwatate tuliingia njia ya vumbi. Mashamba ya mkonge yalikwisha, na nchi ikawa tambarare yenye nyasi za dhahabu, pundamilia wakisimama wamegeuza vichwa, kanga wakikimbia mbele ya gari kama wanafunzi waliosikia kengele. Jua lilikuwa limepanda na ndani ya gari kulikuwa tanuri. Kila nilipotaka kunyunyiza, dumu halikuwa mapajani mwangu. Baba alikuwa amelichukua. Aliendesha kwa mkono mmoja huku akinywa, nami nikitazama koo lake likipanda na kushuka.

"Baba, hayo ni maji ya asumini."

"Kidogo tu, mamangu."

Kisha akasimama, akanionyesha kichuguu, akaenda vichakani na yaliyobaki. Dumu lilirudi tupu. Huko hakuna bomba, hakuna duka. Nilifunua kitambaa nikakitemea mate. Ndiyo, nilitema mate juu ya asumini ya bibi harusi, kwa kuwa sikujua maji mengine. Baba aliniona. Aligeuza uso akatazama mbele, na njia yote iliyobaki hakuna aliyesema mlima wafanana na n'ni. Hata ulipotokea ule mkubwa wa ng'ambo ya mpaka, kichwa cheupe juu ya mawingu, jua la jioni likiupiga, hatukusema. Niliutazama peke yangu. Ulikuwa mzuri, na nilitamani niuchukie.

Tulifika Taveta magharibi ikikaribia. Alasiri ilikwisha zamani. Uani kwa Bi Rukia kulikuwa kumejaa wanawake, leso mpya, mikono yenye hina, harufu ya pilau na udi. Bibi harusi alikuwa ndani, tayari amekwisha kuvishwa, nywele zimeachwa wazi kwa ajili ya maua. Bi Rukia mwenyewe alikuja mlangoni. Alikuwa mdogo wa umbo, amepaka wanja. Alilipokea pakacha kwa mikono miwili, akalifunua, akainama akanusa.

Akakaa hivyo, ameinama, muda mrefu.

Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yake akachungulia. "Yamekauka! Yote! Subhanallah, mmeyatoa wapi, jikoni?"

"Dereva," mwingine akasema, "si ulisema kabla ya alasiri?"

Baba alisimama nje ya mlango, macho chini, kwani uani kulikuwa na wanawake. "Nisameheni," akasema. "Njia."

"Njia ni ile ile! Gari jingine la Mombasa limefika adhuhuri!"

Ndipo Bi Rukia akanigeukia. Hakuwa na ukali. Aliniinamia, akaniuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, "Ewe mwanangu mzuri, mlipita wapi na maua yangu?"

Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi. Niliona macho ya watu wazima wale wote yananishukia, na nikaona mate yangu juu ya kitambaa. Nilitaka wajue kwamba si mimi. Nikasema kwa sauti ya kujibu mwalimu:

"Baba alikuwa akisimama kutazama milima. Kila mahali. Na maji ya asumini aliyachukua akaenda kuimwagilia miti."

Ua lote likacheka.

"Miti!"

"Miti ya Tsavo? Nani amemtuma?"

"Jamani, kumbe tumeletewa bwana miti! Serikali imeleta bwana miti!"

Walicheka wakishikana mabega. Wasichana walikimbia ndani kumhadithia bibi harusi, na kicheko kikaendelea huko. Niliinua macho kumtazama Baba, nikitarajia aseme kitu, awaeleze kuhusu huruma yake kwa miti. Masikio yake yalikuwa mekundu. Alisimama na mikono yake mirefu ikining'inia, kama mtu aliyevuliwa nguo barabarani, na alichosema ni hiki tu: "Mtoto asema kweli."

Bi Rukia ndiye peke yake ambaye hakucheka. Alimtazama Baba, akalitazama dumu tupu mkononi mwangu, kisha akateremsha macho haraka. Akawageukia wale wanawake. "Basi," akasema. "Basi, nyamazeni." Alikaa chini pale pale mlangoni, akayachambua matumba moja moja, yale mazima akiyaweka kwenye leso. Yalitosha kikuba kimoja. Hicho ndicho alichovaa mjukuu wake, na nywele zake zilibaki tupu usiku wa kupambwa. Lile neno lake jikoni kwetu, usiku mmoja tu, lilikuwa masikioni mwangu. Sikumwonea huruma Bi Rukia, wala Baba. Nilimwonea aibu Baba. Nilisimama mbali naye, karibu na gurudumu la nyuma, ili wasinione kuwa ni wake.

Neno lilifika Mombasa kabla yetu. Tuliporudi, Mama alikuwa amekwisha kupigiwa simu. Alimuuliza Baba jambo moja tu: "Kweli?" Baba akasema kweli. Mama akalichukua pakacha akaenda kulioshea uani, akilisugua kwa nguvu kuliko linavyohitaji. Hakuwahi tena kuletewa kazi ya Taveta. Kwenye kampuni, Mwakio alilisikia jina kutoka kwa wapokeaji wa mizigo wa Taveta, na likashika. Bwana Miti. Madereva walimwita hivyo, mafundi wa gereji walimwita hivyo, na baada ya muda nikalisikia shuleni, kutoka kwa mtoto ambaye baba yake alikuwa utingo. "Babako amekwenda kumwagilia wapi leo?" Nilikuwa nimeanza kuwa mkubwa, na nikaanza kumwomba Baba asije kunichukua na gari. Nilimwambia kwamba napenda kutembea. Alisema, "Haya, mamangu," na siku za mvua nilimwona amelisimamisha mbali, kwenye kona, akingoja nipite salama.

Waliiondoa njia ndefu mikononi mwake. Wakampa mizigo ya humu kisiwani: mageti ya Kizingo yenye miti mikubwa na askari wanaosinzia, nyumba za Buxton, ghorofa za Tudor. Nilidhani wamemwadhibu, na nikaona wamefanya vyema. Jambo moja lilinishangaza: alionekana amepata nafuu. Alijua kila msikiti wa kisiwa hiki, na aliweza kukuambia upi mlango wake wa uani huachwa wazi mchana kutwa. Nilifikiri ni uchamungu.

Miaka mingi ikapita. Nilikuwa nimeolewa nilipompeleka zahanati moja ya Tudor, iliyo ghorofani, kwa sababu ya kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Muuguzi alikuwa msichana mpole mwenye kalamu nyuma ya sikio. Akapima sukari, akakunja uso.

"Mzee, hii sukari si ya jana. Kiu husikia?"

"Husikia."

"Tangu lini?"

"Zamani," Baba akasema. "Nilipokuwa njia ya Taveta."

"Na haja ndogo, Mzee, ulikuwa ukienda mara nyingi?"

Baba alinigeukia mimi, na kwa sauti ile ile, baada ya miaka yote ile, akasema, "Mamangu, hebu nenda pale dirishani ukaniangalilie. Maji ya Tudor yamejaa au yamekupwa?"

Nikainuka. Nikaenda dirishani, nikampa mgongo. Chini kulikuwa na mikoko na maji ya kijivu yakipanda taratibu. Nyuma yangu nilisikia sauti ya Baba, ya chini kabisa, ikimjibu yule msichana.

Huenda wewe ulielewa tangu kile kilima cha kwanza. Mimi nilielewa pale, paji la uso nimeliegemeza kwenye nondo za dirisha. Nikaona kila kitu kwa mpigo mmoja. Kiu ile. Dumu lile, kwa kuwa Mwislamu hawezi kumaliza haja akaondoka bila maji ya kujisafisha, hasa mtu kama yeye, na maji yaliyokuwepo yalikuwa ya asumini tu. Ndovu ambao hakuweza kusimama karibu yao, huku akiumia. Na milima, jamani. Milima yote ile aliniokotea kwa haraka, mwili ukimbana, ili binti yake asimwone baba yake akichutama kichakani. Mbele ya ua lililojaa wanawake angeweza kujiokoa kwa neno moja, "mimi mgonjwa." Lakini neno hilo lingefuatwa na maswali, na maswali yangefika mahali ambapo alikuwa amepaficha. Akaona afadhali awe mjinga anayemwagilia nyika. Na mimi ndiye niliyemfungulia kicheko.

"Yamejaa?" akaniuliza kutoka nyuma.

"Yanajaa, Baba."

"Basi njoo."

Hatukulizungumza. Ningelizungumza vipi? Kumwomba radhi kungekuwa kumwambia kwamba nimemwona. Hata alipofariki, Mwakio alitoka Voi kuja kutupa mkono wa tanzia, mzee sasa, kofia kifuani, machozi ya kweli machoni. "Bwana Miti ametangulia," akasema. "Sasa nani atatumwagilia kule?" Watu barazani walitabasamu kwa mapenzi. Nilikuwa na jibu mdomoni ambalo lingelisafisha jina lake, na lingemvua nguo kwa mara ya pili. Nikasema, "Ahsante kwa kuja, Mzee." Ndiyo maana nakueleza wewe hapa, bila jina lake wala langu.

Lakini kulikuwa na safari moja kabla ya hapo, na nataka uondoke nayo. Nilikuwa nimejifunza kuendesha gari, na Baba alitamani kwenda Voi kumjulia hali Mwakio huyo huyo. Baada ya Mariakani nikamwona ameanza kusogea kitini, mkono kwenye goti, macho yakipekua pembe za barabara. Alikuwa akitafuta kitu cha kunionyesha, na macho yake sasa yalikuwa na ukungu, hakioni. Nikapunguza mwendo. Nikasimama.

"Kuna n'ni?" akauliza.

"Nataka kukitazama kile kilima, Baba. Nitachukua muda kidogo."

Niliweka chupa kubwa ya maji juu ya boneti, upande wake, nikaenda mbele kwenye changarawe nikalipa gari mgongo. Nilisikia mlango ukifunguka. Nikaanza kusema kwa sauti kubwa yale niliyoyaona: nyika ya majivu, mbuzi wawili, mtoto wa mbuzi mmoja, mbingu. Nilisema mpaka nikaishiwa, nikaanza upya na mbuzi. Alipoita nilirudi. Alikuwa amekaa kitini, ndevu zina matone ya maji.

"Bado chafanana na ngamia?" akauliza.

"Bado."

Alitazama mbele, na masikio yake yakawa mekundu, na yangu pia.

Kwa hivyo ukisafiri na mzee, babako au wa mwenzio, usimngoje akwambie. Wewe ndiwe useme unataka kuutazama mlima. Simamisha gari mahali penye vichaka, acha chupa ya maji upande wake, shuka, lipe gari mgongo, na useme kwa sauti yote unayoyaona. Usigeuke mpaka akwite.